Uso wa Simoni

"Usiguse bado," Bruda Joris alisema. "Ikipigwa na baridi sasa, itapasuka."

Wamuyu, msaidizi wake, akarudi nyuma. Walikuwa wakibomoa mlango wa tanuri tangu asubuhi, tofali moja moja, na joto bado liliwachoma usoni. Ndani, kwenye rafu ya chini, Simoni wa Kirene alikuwa akimsaidia Yesu kuubeba msalaba. Ilikuwa picha ya udongo ya kutundikwa ukutani, pana kama sinia, ya kanisa jipya la misheni huko Kabazi. Shuka ya Simoni ilikuwa ya buluu, inang'aa kama maji.

Uso ulikuwa wa Gachanja.

Bruda Joris alikuwa Mbelgiji, mtoto wa mfinyanzi, na kazi yake ilikuwa hiyo tangu ujana: Bikira Maria na watakatifu, kwa kuta za makanisa na nyumba za watu. Hakutumia kalibu. Aliwatazama watu waliokuwa karibu naye, akawafinyanga. Gachanja, mume wa Wamuyu, alikuwa mchimba udongo wake. Bruda alimkalisha kwenye kigoda siku tatu, akamtoa mzima: mashavu, midomo, hata lile kovu juu ya jicho la kushoto. Kabla udongo haujakauka, Gachanja akatoweka. Watu walisema yuko msituni, pamoja na wanaopigana na Wazungu. Tangu siku hiyo, mbwa akibweka tu, Wamuyu alikuwa akitoka kutazama njia.

Chelagat, mpishi wa misheni, aliingia bila kubisha.

"Wamuyu! Inspekta amefika na askari. Anaulizia hiyo Simoni. Ati hawana picha ya bwana yako hata moja, na mtu amewaambia Bruda anayo."

Bruda alipangusa mikono kwenye aproni, kidole baada ya kidole. Alikuwa amebadilika rangi.

"Nitaenda kuwasalimia," akasema. Akatoka polepole, polepole kuliko kawaida yake. Chelagat akamfuata.

Wamuyu alibaki peke yake na uso ule. Hata yeye hakuwa na picha nyingine ya Gachanja. Nje sauti ya kizungu iliuliza kitu. Sauti ya Bruda ikajibu kwa kirefu, ikaanza kueleza habari ya udongo. Wamuyu akashika gunia, akalikunja mara mbili, akaingiza mikono tanurini.

Moto ulipenya gunia. Alipiga hatua nne hadi kwenye pipa la maji, akamwachilia Simoni.

Mlio ulikuwa kama wa risasi.

Nje, maongezi yakakatika. Buti zikakimbia. Inspekta alipoingia, bastola mkononi, mvuke ulikuwa umejaa chumba, na Wamuyu ameinama juu ya pipa, akishika vipande vitatu. Kwenye kipande kimoja uso ulikuwa bado mzima.

Bruda alimfikia kwanza. Akamnyang'anya kile kipande.

"Mara ngapi nimekwambia?" akapiga kelele. "Mara ngapi! Moto na maji!" Akakitupa sakafuni, akakikanyaga kwa kisigino, akakisaga, akilia kwa hasira ambayo Wamuyu hakujua kama ni ya uongo.

Inspekta akachuchumaa. Aliokota kipande kidogo, akakigeuza. Palikuwa na sehemu ya sikio.

"Hii ilikuwa nani, Bruda?"

"Simoni wa Kirene."

"Ndiye mimi natafuta." Akamtazama Wamuyu. "Wewe. Bwana yako iko wapi?"

"Sijui, bwana."

"Mikono yako natetemeka kwa nini?"

"Nimeungua, bwana."

Inspekta akavigeuza viganja vya Wamuyu. Kisha akamwamuru askari wake, Kipsang, akusanye vipande vyote. Kipsang alizoa hata vumbi, bila kuinua macho, akalitia ndani ya kofia yake. Wakaondoka.

Bruda alileta mafuta ya nguruwe kutoka jikoni kwa Chelagat, akampaka Wamuyu viganjani. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Malengelenge yalikuwa yameanza kuvimba. Walisikiliza Landrova ikiteremka mlima, ikibadilisha gia, ikipungua sauti kwenye mashamba ya mahindi.

Ilipofika njia panda, penye barabara moja ya kurudi kituoni na nyingine ya msituni, ikasimama. Injini haikuzimwa. Bruda aliacha kupaka, kidole chake kikiwa hewani, na wote wawili wakangoja kusikia itaelekea upande gani.