Vikopo vya Zamu ya Asubuhi

Selestini, fundi wa mashine ya kufunga marobota, alikufa wakati msimu wa pamba umepamba moto. Alikuwa amekohoa karibu mwaka mzima, na wenzake walikizoea kikohozi chake kama walivyouzoea mngurumo wa injini. Hospitalini walisema ni kifua kikuu. Kwao walisema amerogwa. Kinuni hawakusema kitu. Kesho yake fundi mwingine aliwekwa kwenye ile mashine na kazi ikaendelea.

Wilhelmina Masele, karani wa utumishi wa kinu kile cha pamba kilichokuwa nje kidogo ya mji wa Bariadi, ndiye aliyepeleka rambirambi za wafanyakazi kwa mjane. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa Shishiyu, asiyependa maneno mengi. Aliporudi aliingia moja kwa moja kwa meneja, Ndugu Constantine.

"Selestini alikuwa analala chumba kimoja na wenzake kambini," alisema. "Wanakula sahani moja. Naomba watu wapimwe kifua."

"Si waende hospitali? Hospitali ipo."

"Hawaendi. Kibarua akienda hospitali siku yake imepotea. Naomba hospitali ije hapa."

Constantine hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na marobota ya kutimiza, na simu kutoka mkoani kila wiki kuulizia marobota hayo. Aliuliza kama mashine zitasimama. Wilhelmina akamwambia hazitasimama, maana kila zamu ingepimwa wakati wa kutoka. Ghala la magunia matupu lilikuwa na nafasi, lingefagiliwa. Meneja akafikiri kidogo, akakubali. Mwaka uliopita redio ilikuwa imehimiza afya usiku na mchana, na aliona habari kama hii ingependeza wilayani.

"Na atakayekutwa na ugonjwa?" Wilhelmina aliuliza kabla ya kutoka. "Hilo ndilo watakaloniuliza."

"Mwajiriwa wangu simfukuzi kwa kuugua," alisema Constantine.

Tabibu aliyepewa kazi hiyo aliitwa Saidi Jumbe, mtu wa Tabora, mpole, mwenye Kiswahili laini kuliko cha watu wa pale. Alikuja kwa baiskeli na boksi la vikopo vya bati vyenye vifuniko. Kila mtu angepewa kimoja, alale nacho, na akiamka, kabla ya kula wala kunywa, akohoe kutoka ndani kabisa ya kifua na kutemea humo. Makohozi yangeangaliwa hospitalini kwa darubini.

Zamu ya asubuhi ilikusanywa ghalani. Saidi alieleza vizuri, lakini watu walivitazama vikopo bila kuvigusa. Mate ya mtu si kitu cha kumwachia mgeni akaondoka nacho, na wengi mle ndani waliamini hivyo ingawa hakuna aliyelisema mbele ya tabibu. Lililosemwa ni lile la kazi. Alilisema Mahona, kibarua kutoka Sapiwi, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, ambaye kazi yake ilikuwa kulisha pamba kwenye mashine.

"Mayu," alimwambia Wilhelmina, kwa heshima, kama mtu anavyosema na mama yake, "ukikutwa mgonjwa, kazi inabaki?"

"Inabaki," alijibu Wilhelmina. "Nimemuuliza meneja. Hakuna mtu atakayefukuzwa."

Akachukua kikopo cha kwanza yeye mwenyewe. Mahona akachukua cha pili. Baada ya hapo mikono ikaanza kunyooshwa.

Majibu yalikuja baada ya siku chache, Saidi akayaleta mwenyewe. Katika zamu nzima ni mmoja tu aliyekutwa na wadudu wa kifua kikuu, naye ni Mahona. Wilhelmina alimwita ofisini, wakamweleza wote wawili. Angechomwa sindano kila siku kwa muda wa miezi miwili hivi, kisha vidonge kwa mwaka na zaidi. Wiki za mwanzo angelazwa. Mahona alisikiliza huku ameweka kofia magotini. Aliuliza swali moja tu, kama wanawe nao wanaweza kuwa na ugonjwa huo. Saidi akamwambia inafaa wapimwe.

Mchana Wilhelmina alikwenda kwa meneja kupanga nani atashika nafasi ya Mahona mpaka arudi.

"Arudi wapi?" aliuliza Constantine. "Yule ni kibarua. Kibarua anaitwa siku ya kazi, na kazi ikiisha ameondoka. Sijamfukuza mtu. Sijamwita tu."

"Niliwaambia hakuna mtu atakayefukuzwa."

"Mimi nilikwambia mwajiriwa. Hayo mengine umewaambia wewe."

Alikuwa anasema kweli, na Wilhelmina alijua. Alikuwa amelisikia lile neno na hakulipima. Zaidi ya nusu ya watu wa kinu walikuwa vibarua wa msimu. Alipotoka kumtafuta Mahona, msimamizi alikuwa ameshamwambia kwamba haitwi tena. Hospitali hakwenda. Alifunga mkeka wake kambini, akapanda lori la pamba lililokuwa linarudi tupu, akaenda kwao.

Zamu ya mchana ilikuwa imeshapewa vikopo siku ile ile. Kesho yake vikopo vilipatikana langoni, vimepangwa vizuri juu ya ukuta, vyote vikavu. Hakukuwa na kelele wala mkutano. Watu waliingia kazini wakafanya kazi yao kama kawaida, na aliyeulizwa alijibu kwamba kifua chake hakina makohozi. Saidi alivikusanya akavirudisha kwenye boksi.

"Bibi Wilhelmina," alisema, "nikipima nusu ya watu nimefanya kazi bure. Mgonjwa mmoja akibaki bila kupimwa, ataambukiza wengine tena."

Constantine naye alikuwa ameshapeleka habari wilayani kwamba wafanyakazi wote wanapimwa, na mkuu mmoja wa huko alikuwa ameahidi kuja kuona. Akamwita karani wake.

"Zungumza nao. Wewe wanakusikiliza."

"Walinisikiliza mara moja," alisema Wilhelmina. "Sina cha kuwaambia, ndugu. Labda nikiwa na Mahona."

Meneja aligeuka kutazama nje. Dirishani malori yalikuwa yanapanga foleni kwenye mizani.

"Akitoka hospitali, kwenye mashine simweki," alisema mwishowe. "Lile vumbi litammaliza."

"Awekwe uwanjani. Pale mizani wanahitaji mtu wa kupokea malori. Ni hewa ya nje."

"Na siku za kulazwa silipi."

Wilhelmina alitaka kubishana, akaona atapoteza na kile alichokwisha kupata. Akaomba maneno yale yaandikwe, yakaandikwa. Kisha akapanda lori la kwenda Sapiwi.

Alimkuta mke wa Mahona, Ng'washi, anaanika viazi juani. Wilhelmina akapiga goti kidogo, akaamkia.

"Mwadila, mayu."

Ng'washi aliitikia bila kuacha kazi. "Mume wangu hayupo. Amekwenda kwa nfumu kunywa dawa," alisema. Nfumu ni mganga wa kienyeji. Kisha akanyoosha mgongo. "Wewe ndiye uliyechukua mate yake?"

"Ndiye mimi."

"Aliondoka hapa ana kazi, anakohoa. Mmechukua mate yake, amerudi hana kazi, anakohoa. Sasa umekuja kuchukua nini?"

Wilhelmina alisema amekuja kuzungumza na Mahona. Aliomba kumsubiri, akapewa kigoda kivulini karibu na zizi. Hakuna aliyemletea maji. Mahona alirudi jua likielekea kupungua, anatembea polepole kuliko alivyokuwa akitembea kinuni, na alipomwona mgeni alisimama kidogo kabla ya kusogea. Wakasalimiana. Wilhelmina akamweleza habari ya mizani, na kwamba hospitali inamsubiri.

Mahona akasema, "Kuna kijana tulikuwa tunalisha naye mashine. Siku ile hakurudisha kikopo, akasema amesahau. Bado anafanya kazi?"

"Anafanya."

"Na anakohoa kama mimi."

"Nadhani."

"Kwa hiyo aliyekubali ndiye aliyeumia."

"Ndiyo," alisema Wilhelmina. "Niliwaambia neno ambalo sikuwa nimepewa. Kosa ni langu, si lako."

Mahona alimtazama mkewe. Ng'washi alikuwa ameacha viazi na kusimama mlangoni. Ni yeye aliyezungumza.

"Watoto nao wapimwe," alisema. "Na mimi. Wakipimwa wote, aende. La sivyo abaki hapa tumwangalie wenyewe."

"Tabibu atakuja hapa kijijini," alisema Wilhelmina, halafu akajirekebisha. "Nitamwomba. Akikataa nitakuja niwachukue kwa lori."

Saidi hakukataa. Alikuja na baiskeli yake na vikopo. Ng'washi hakukutwa na kitu wala watoto wawili wakubwa. Yule mdogo, ambaye hakuweza kukohoa kwenye kikopo na alikuwa amekonda tangu masika, alilazwa pamoja na baba yake na kuanzishiwa dawa. Mahona alisema waziwazi, mbele ya Wilhelmina, kwamba dawa ya nfumu ataendelea kuinywa vilevile. Saidi aliinusa, akasema haina madhara.

Mahona alipotoka hospitali akawekwa kwenye mizani. Zamu ya mchana ilimwona siku ile, imesimama langoni kabla ya kuingia. Wiki hiyo hiyo vikopo viligawiwa tena kwa zamu zote, na asubuhi vilirudi na kitu ndani, isipokuwa vichache. Wagonjwa wengine walipatikana, na kijana wa mashine alikuwa mmoja wao. Mkuu wa wilayani alikuja, akaonyeshwa ghala lililofagiliwa, akapigwa picha na meneja.

Msimu uliofuata Wilhelmina aliandaa upimaji tena. Safari hii alisimama ghalani akawaambia watu yale aliyopata na yale aliyokosa: kwamba kibarua mgonjwa atapewa kazi ya nje akipona, na kwamba siku za kulazwa hazilipwi. Wengine walinung'unika, wawili watatu wakatoka. Waliobaki walichukua vikopo.

Mahona hakuwapo. Alimaliza msimu ule kwenye mizani, akasema kazi ya kinu imemtosha, akarudi kulima pamba yake. Vidonge alivifuata zahanati kila mwezi mpaka alipoambiwa basi. Mara moja lori lilimpitisha Wilhelmina Sapiwi, akashuka kuwasalimu. Mtoto mdogo alikuwa anakimbiza ndama. Mahona alikuwa shambani, hakuonekana. Ng'washi alimkaribisha maji, wakazungumza habari za mvua, na alipoaga alimpa kikapu cha michembe, viazi vikavu vya kutosha kula mwezi.

"Kikapu nitakitaka," alisema Ng'washi. "Mpe dereva akirudi."