Pikapu ya Pili ya Mama Mudathiri

...robo tena, taratibu, nati ya mpira wa breki ni laini, ukiilazimisha meno yanaliwa na kazi inaanza upya, robo, chomoa spana, rudisha, robo, nimelala chali juu ya katoni na pikapu iko juu yangu kwenye stendi, matairi ya mbele nimeshayatoa, spesa zimeshakaa, vile vipande viwili vya chuma cha duara unavibana juu ya shokapu na mbele ya gari inapanda inchi mbili, kazi ya asubuhi moja, bonde zima linaijua, wanasema mpeleke kwa Barnaba pale Kibaoni, atakuinulia, gari likitoka kwake halichoti tope kwa bampa, haliinami tena kama ng'ombe anayekunywa maji, na wanasema hivyo hadi leo, miezi minane imepita na bado wananiletea, na leo kaniletea yeye, Mama Mudathiri mwenyewe, miguu yake naiona pale kando ya stendi, kandambili za bluu, vumbi mpaka kwenye vifundo, kasimama tangu saa nne, kiti nilimpa akakikataa, "fundi, unahangaika na nini huko chini, ile ya baba yao mbona hukuchukua muda wote huu," na mimi, "namalizia, mama," namalizia, saa nzima sasa namalizia, kwa sababu hii nati ikishakaza nitatoka, nitajifuta mikono, nitamwangalia usoni, na uso wake nimeukwepa tangu alipoingia, shikamoo za watu wengine zilinisaidia, nikajifanya nasalimiana... ile ya baba yao, ndiyo, ile nilimaliza kabla ya adhana ya adhuhuri, Mzee Mwinyimvua, mumewe, akachukua funguo, akacheka, akasema Barnaba mkono wako mwepesi, mpunga wake ulikuwa umelala Mngeta kwenye magunia na mvua za mwisho zinanyesha, kila mtu bondeni ana haraka mwezi wa tano, na mimi nikafanya kama tunavyofanya mafundi wote wa mji huu, ukishaliinua gari unaita watu wanne wazito wapande mbele, wakae juu ya boneti, waruke, gari linazama, linapanda, linazama, unasikiliza kama kuna kinachogonga, hakuna, basi, mkabidhi mtu gari lake, na siku ile alipanda mpaka yule muuza nyama wa jirani, mtu wa kilo mia na ushee, akaruka hadi wateja wake wakaacha nyama wakaja kuangalia, tulicheka sana siku ile, Mzee mwenyewe alishika mbavu, na hakuna kilichogonga, kigonge nini, tulikuwa tunakandamiza, tunaikandamiza mbele huku nyuma ni tupu, wakati gari la mpunga likishapakiwa linafanya kinyume kabisa, nyuma inakaa chini, pua inaangalia mbinguni, magurudumu ya mbele yananing'inia, na mpira wa breki unaotoka kwenye chesesi kwenda kwenye gurudumu ni uleule wa zamani, urefu uleule, wakati mimi nimeongeza inchi mbili juu yake, umevutika kama kamba ya kuanikia nguo, halafu uingie kwenye shimo, halafu ukate usukani wote... tulipima kwa kukandamiza, hatukupima kwa kuning'iniza, hakuna fundi Ifakara aliyewahi kupima hivyo, na hilo halinisaidii, kwa sababu wengi wao mimi ndiye niliyewafundisha.

"Unanisikia fundi?" "Nakusikia, mama," sijasikia chochote, "nasema uinue vilevile, kama ile, asije akasema mama kanipa gari linaloburuza," anayemsema ni Mudathiri, mwanawe, karudi kutoka Morogoro kushika kazi ya baba yake, yuko kwa mama ntilie pale mbele anakunywa chai, kijana mpole, alinipa mkono asubuhi akasema baba alikuwa anakutaja sana... robo, rudisha, robo, siku ya ajali walinipigia simu mimi kabla ya mtu mwingine yeyote, fundi njoo na mnyororo, Mzee kaanguka kwenye kalavati kabla ya kufika Mbingu, nikafika amekwisha kuondolewa, magunia yametapakaa mtoni, mpunga umelowa, watu wa baiskeli wamesimama ukingoni wanaeleza, alishuka mteremko ule hakupunguza hata kidogo, angalieni barabara, hamna hata alama ya tairi, na kila aliyefika anaangalia barabara, kweli hamna, basi maneno yakaanza kutembea palepale, alikuwa anakimbia, alikuwa anawahi mashine ya kukoboa, tamaa ya mpunga, na mimi nikapiga magoti kwenye gurudumu la kulia nikauona, mpira umechomoka kwenye kichwa chake, mafuta ya breki yametiririka mpaka kwenye rimu, na breki za nyuma peke yake, na ule mzigo, na lile tope, hazisimamishi kitu, nilielewa yote kwa mara moja, hata pumzi sikuvuta, nikatoa koleo nikakikata kile kipande kilichobaki, nikakitia mfukoni, na afande akaja nyuma yangu akauliza, "breki vipi, fundi?" na mimi nikasema, "nzima, afande," kwa sauti yangu hii hii ninayosemea namalizia mama, akaandika, kwa nini asiandike, aliyesema ni Barnaba, na nyumbani nikakitupa kile kipande chooni, Kandida mke wangu akauliza suruali inanuka nini nikamwambia mafuta, inanuka mafuta kila siku, leo umegundua nini... tangu siku ile sijakomunika, Jumapili kanisani watu wanapanga mstari mimi nabaki kwenye benchi nainama nafunga kamba za viatu, Kandida anadhani nina mwanamke, heri ningekuwa na mwanamke, ningekwenda kwa padri nikasema na yakaisha, lakini hili padri ataniambia jambo moja tu, nenda kwa wenye marehemu, najua ataniambia hivyo ndiyo maana siendi.

Lakini hii nimeiweka vizuri, hii haina tatizo, mpira huu ni mrefu, niliuagiza Morogoro kwa fedha yangu hata hajui, nimeupima gurudumu likining'inia, usukani wote kushoto, usukani wote kulia, unabaki na ulegevu wa vidole viwili, Mudathiri hatakufa kwa mkono wangu, sasa si inatosha, mfu harudi, nikisema atarudi? hatarudi, gereji itafungwa, nitakwenda kukaa ndani na watoto wangu watafukuzwa shule, na Mama Mudathiri atapata nini, atapata uchungu mara ya pili, ameshalia, ameshakaa eda yake, ameshainuka, amenunua gari, mtu ameshainuka unamwangusha tena ili wewe ukalale usingizi, huo ni uchoyo tu, Barnaba, nyamaza ubebe mzigo wako peke yako, kila mtu ana cha kwake... na nilikuwa nimeshafika hapo, nilikuwa nimeshatulia kabisa, nati imebaki robo mbili, aliposema, hakuinua sauti, alisema kama mtu anayeongea na bati la gari, "huyu mtoto nimemwapisha, fundi, nimemshikisha msahafu, asiendeshe kama baba yake," na mimi nikasema "mm," "maana yule alijiua, watu wananificha lakini nimesikia, hata breki hakushika, mtu ana watoto wanne nyumbani anashuka mteremko kama anafukuzwa," spana ikabaki kwenye nati, "na hakuwa hivyo, fundi, ndiyo inayoniuma, miaka ishirini na mbili nimekaa naye, alikuwa anaendesha mpaka unasinzia, sasa najiuliza siku ile alikuwa anamkimbilia nani, mimi au nani"... na ni kweli, alikuwa mtu wa polepole, niliwahi kwenda naye Malinyi akasimamisha gari katikati ya barabara, akashuka, akawaswaga bata wa watu mmoja mmoja mpaka ng'ambo, nyuma yetu lori linapiga honi, akarudi ameridhika, akasema Barnaba hawa nao wana kwao, nilikwisha kusahau safari ile, nimewezaje kuisahau.

Na bado anasema, "siku ya mazishi shemeji alisimama akaomba tumsamehe, ulikuwepo," nilikuwepo, mimi na wenzangu wa gereji tulisimama nyuma, kaka yake marehemu, Bwana Abdulswamad, akasimama mbele ya watu kama ilivyo desturi yao, na yetu pia, akasema ndugu zangu, huyu alikuwa binadamu, kama yuko aliyekosewa naye, kwa neno au kwa tendo, tunamwomba amsamehe hapa hapa tusimzike na deni la mtu, na umati mzima ukaitikia, tumemsamehe, na mimi nilisema, midomo yangu ilisema kwa nguvu kuliko ya jirani zangu, tumemsamehe, nilimsamehe mimi, mimi nilimsamehe yeye, na hakuna desturi ya kuuliza upande wa pili, hakuna anayesimama akasema kama yuko aliyemkosea marehemu ajitokeze, wangeuliza ningefanya nini, ningetazama chini na kufunga viatu... "na sisi wanawake ndani tuliitikia," anasema, "mimi niliitikia mdomoni tu, fundi, nakwambia wewe kwa kuwa alikupenda, nikimaliza kuswali nawaombea wazazi wangu, nawaombea wagonjwa, namwombea mpaka jirani aliyenitukana, nikifika kwake ulimi unagoma, miezi minane sijamwombea mume wangu," na kandambili hazisogei, na kule kwa mama ntilie wanacheka, Mudathiri anacheka nao, na mimi nimeshika spana kwa mikono miwili kama mtu aliyening'inia... kwa hiyo sikuubeba mimi, miezi yote hii nilidhani mzigo naubeba mimi, nikajionea huruma kwenye benchi langu la kanisani, kumbe kaubeba yeye, amelala kule mchangani na kosa langu kifuani, mkewe hamwombei, mwanawe anaapishwa asifanane naye, watoto wake wakikua wataambiwa baba yenu alikuwa na tamaa, na kiatu... kiatu chake cha kulia nilikikuta mimi, kile cha ngozi cha kahawia, kimebanwa juu ya pedali ya breki, pedali imelala mpaka kwenye sakafu na kiatu kimekwama pale pale, alikuwa amekanyaga kwa nguvu zake zote, alikanyaga tangu juu ya mteremko mpaka majini, akikanyaga hewa, nani anajua alikanyaga mara ngapi, aliita jina la nani, na mimi nilikichomoa kile kiatu nikakiweka kwenye kiti pamoja na vitu vyake vingine ili kisiseme kitu, nikakichomoa kwa mkono wangu mwepesi, na kuwa mwoga ningejisamehe, lakini hili la kiatu, hili sijawahi kulifikiria mpaka mwisho, kila likija naligeuza, leo limekuja lote na siwezi kulikimbilia popote, nimelala chali na gari juu yangu... atanifanya nini, anilaani, aende polisi, avunje vioo vya gereji, au mbaya zaidi, aseme ni mipango ya Mungu na anisamehe, na hilo nitalibeba vipi, sijui, sijui litakuwaje hata nusu saa ijayo, ulimi una ladha ya grisi, nati bado robo mbili na naiacha ilivyo, "fundi," anaita, "umelala?" na mimi, "hapana, Mama Mudathiri," na najua nikivuta pumzi mara ya pili nitashindwa, kwa hiyo sivuti, nasema nikiwa hapa hapa chini, "mzee alishika breki."