Kabla Lori Halijafika kwa Katunge

"Sogea kidogo, mzee, unanizibia mwanga."

Katunge alikuwa amepiga magoti vumbini chini ya turubai lake, kando ya barabara ya soko la Voi. Mbele yake ilisimama skuta ya zamani, kifuniko cha injini kimevuliwa, naye ametapakaa mafuta hadi viwikoni.

Mzee Munyao alisogea, kisha akarudi palepale. Hakuweza kutulia. Skuta hiyo ndiyo iliyokuwa ikimpandishia mitungi ya maji hadi kwake Sagalla. Tangu ianze kugoma, mkewe Kavinya alikuwa akipanda mlima na mtungi mgongoni. Na asubuhi hiyo kanjo, askari wa kaunti, walikuwa wamepita na spika: chombo chochote kibovu kitakachokutwa kando ya barabara kitapakiwa kiende kuuzwa kama chuma chakavu.

Lori lao lilikuwa tayari limefika kwa wauza viatu. Vibanda vilikuwa vikiangushwa, watu wakipiga kelele.

"Binti yangu, tuisukume tukaifiche."

"Tuifiche wapi? Injini ni nzima hii. Cheche tu ndiyo inakuja kabla ya wakati wake. Si ndiyo maana ukipiga kiki kuiwasha inakurudishia teke?"

"Hata juzi imenichubua mguu!"

"Basi leo itaacha hiyo tabia."

Aliingiza karatasi ya sigara katikati ya pointi, vile vyuma viwili vidogo ambavyo vikiachana tu, plagi hutoa cheche. Kwa mkono mmoja akazungusha gurudumu la feni polepole, kwa mwingine akaivuta karatasi kidogo kidogo. Karatasi ikachomoka. Alama ya gurudumu ilikuwa bado haijafikia alama ya injini.

"Umeona? Inawahi."

Akalivua gurudumu, akalegeza bamba lililoshika pointi, akalisogeza unywele tu kufuata injini inakozungukia. Akakaza, akarudisha gurudumu, akajaribu tena. Bado. Akavua tena. Lori likanguruma karibu zaidi. Safari hii karatasi ilipochomoka, alama mbili zilikuwa zimetazamana sawasawa.

"Hapo!" Katunge alipiga kelele kama mtu aliyeona bao. "Hapo hapo, mzee!"

Alikuwa akikaza plagi mkono wa askari ulipotua kwenye usukani.

"Hii ni mbovu. Pakieni."

"Ngoja kidogo, bosi. Ni nzima."

"Madam, nzima inafanya nini hapa ikiwa imevuliwa nguo?"

Wenzake wakacheka. Katunge aliinuka. Akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena, injini ikakohoa moshi wa buluu. Mara ya tatu ikapokea, ikanguruma, kisha ikatulia na kudunda vizuri, tak-tak-tak, bila kukwama. Askari aliachia usukani kama ameungua. Wauza viatu waliosimama barabarani wakapiga makofi, na mzee Munyao akajikuta anacheza, kofia mkononi.

"Sawa, hiyo inatembea," askari alisema, uso umemkunjamana. Akageuka akaangalia huku na huku. "Lakini hii meza haitembei. Na turubai. Pakieni!"

Walibeba meza, turubai, na sanduku la spana. Katunge aling'ang'ania sanduku mpaka wakamsukuma akaanguka. Lori likaondoka, na pale palipokuwa na gereji yake pakabaki jua tupu.

Aliinuka, akajipangusa. Alisikiliza injini. Haikuwa imekosea hata mdundo mmoja.

"Mzee, hii sasa ina nguvu."

"Naisikia, binti yangu."

"Inaweza kubeba wawili?"

Munyao alimtazama, akatazama vumbi la lori, akavaa kofia yake. "Panda."

Skuta ilichomoka kwa mlio mkali, ikawapita watembeao kwa miguu, ikawapita punda wa maji. Karibu na reli wakalifikia lori, wakaanza kulipita. Askari waliokaa nyuma juu ya mali za watu waligeuka wakashangaa: Katunge akiwapungia mkono mweusi kwa mafuta, mzee akiwa ameinamia usukani, akicheka kwa sauti.

Lori lilipofika kwenye yadi ya kanjo, lililazimika kusimama nje. Katunge alikuwa amesimama katikati ya lango.

"Sanduku langu la spana kwanza," alisema. "Halafu meza."

Dereva akapiga honi. Katunge hakuondoka.