Bisi za Shingoni

Kuku alikuwa ameshaiva, wali umefunikwa, meza imetandikwa kitambaa changu cheupe, na mwanangu Dereva hajafika. Alipiga simu kusema lori lake liko kwenye foleni ya mzani, yupo njiani, anakuja sasa hivi. Mimi namjua. "Sasa hivi" ya dereva wa lori inaweza kukufukuzia wageni.

"Tunamngoja," akasema binti yangu mkubwa kutoka jikoni. "Chakula cha sikukuu hakiliwi vipande vipande. Mama, hao watoto wako na wewe. Wape vitu vya kushikashika, lakini wasishibe."

Sisi tunamwita Matroni, maana ndiyo kazi yake. Anaangalia watoto wa bweni, na hata akija kwangu likizo hawezi kuivua kazi akaitundika nyuma ya mlango. Anakagua kucha. Anakagua shuka. Lakini kinachomkaa moyoni zaidi ni sahani. Huzunguka meza akitazama nani kamaliza na nani kabakiza, utadhani anatafuta mwizi.

Na sahani aliyokuja kuitazama siku ile ilikuwa ya mjukuu wangu, binti wa Dereva. Binamu zake wanamwita Kijiti. Tangu mama yake alipotutoka anaishi na mimi, kwa kuwa baba yake ni mtu wa barabarani. Ni mwembamba, sikatai. Lakini anakula. Anakula nikiwa nakanda unga naye yuko pembeni ananisimulia habari za shule, anakula nikiwa kwenye cherehani. Mkalishe mezani watu wamkodolee macho, koo linafunga. Matroni hajapata kumwona kwenye cherehani. Amemwona mezani tu.

Safari iliyopita aliniambia waziwazi. "Mama, mtoto anakondea mikononi mwako. Sikukuu kaka akiwepo tutamwona sote. Akila kama mtoto, nitafunga mdomo wangu. Asipokula, nitamwomba kaka nimchukue. Kwangu atakula kwa kengele."

Kwa kengele! Mtoto wa watu, si ng'ombe. Lakini alikuwa anasema kwa upendo, na mtu anayekosea kwa upendo ndiye mgumu kuliko wote kumjibu. Nikapeleka jambo langu kwa Mungu. Halafu, kwa vile Mungu hapendi watu wanaokaa wamekunja mikono, na mimi nikapanga langu.

Asubuhi, kabla wengine hawajaamka, nilimwita Kijiti nikimsuka.

"Mjukuu wangu, leo usidonoe."

"Nisidonoe nini, bibi?"

"Chochote. Wenzio watakula vitafunwa, wewe tengeneza tu. Weka tumbo. Mpaka tukae mezani, tusali, tuseme Amina. Hapo ndipo ule, tena ule shangazi yako akuone. Umenielewa?"

"Nimeelewa, bibi."

Katika nyumba hii sala ndiyo mlango wa chakula. Marehemu mume wangu alikuwa akisema mdomo ushukuru kwanza, ndipo utafune. Kijiti hilo hahitaji kuambiwa.

Basi nikatandika mkeka sebuleni. Walikuwa watatu: Kijiti, na wana wawili wa Matroni. Mkubwa tunamwita Bonge, mdogo ni Redio. Majina yanatosha, sina haja ya kuwaeleza.

Nilianza na bisi, maana bisi ni kelele nyingi na shibe kidogo. Nikakaanga sufuria nzima, nikaiacha ipoe, nikawapa kila mmoja uzi mrefu na sindano butu ya kushonea sweta. Mtunge, nikawaambia, mtengeneze mikufu. Hiyo ni kazi ya kumtuliza hata kichaa. Bisi ukiikandamiza inavunjika, ukiiogopa haiingii. Bonge alitunga moja, akala tatu. Redio alitunga huku anatangaza.

"Wapenzi wasikilizaji, sindano imempiga mshambuliaji kidoleni! Damu! Hapana, si damu, ni jemu ya asubuhi!"

Kijiti alitunga kimya, bisi moja ikitazama juu, ya pili chini, mpaka ukawa mkufu wa bibi harusi. Akauvaa. Hakudonoa hata chembe.

Bisi zikaisha, Dereva hayupo. Nikaleta mkate. Tukaukata mviringo kwa mdomo wa glasi, tukapaka siagi ya karanga, tukatengeneza nyuso: macho ya tango, pua ya karoti, nywele za karoti iliyokwaruzwa. Bonge akala macho kwanza.

"Bibi, wangu amekuwa kipofu."

"Kipofu wako amepoteza na mdomo," Redio akasema. "Lete tumzike."

Kijiti alitengeneza mwanamke mwenye kilemba cha kachumbari aliyokata mwenyewe, akamtazama, akampa Bonge. Akatengeneza wa pili, akampa Redio. Nikafurahi moyoni: mtoto anashika neno. Hapo ndipo Matroni alipotokea mlangoni na mwiko mkononi.

"Mama, mbona huyu anagawa tu? Hata mkate hali?"

Ningesema nini? Nikisema nimemkataza, ataniambia nimepanga mchezo. Nisiposema, mtoto anaonekana hali. Nikawa kama mtu aliyejifungia nje na ufunguo uko ndani.

"Ana ukarimu," nikasema.

"Ukarimu." Matroni akachukua yai la kuchemsha kwenye bakuli, akalimenya, akapiga magoti mbele ya mtoto. "Shika, mwanangu. Yai tu."

"Ahsante, shangazi. Bado."

"Bado nini?"

"Bado tu."

Matroni akanitazama, mimi nikatazama karoti. Akalila yai mwenyewe, kwa hasira, akarudi jikoni. Mle ndani masufuria yakaanza kusemwa na mwiko.

Nikainama. "Kijiti, kula basi bisi mbili tatu za mkufu wako, akirudi akuone unatafuna."

Akanitazama kwa macho yale makubwa ya mama yake. "Bibi, si ulisema nisidonoe mpaka Amina?"

"Nimesema. Sasa nasema kula."

"Lakini ulisema hata ukinihurumia nisile."

Kweli nilisema hivyo. Asubuhi nilikuwa na maneno mengi. Nikabaki najikuna kichwa, na jua limeshahama kutoka dirisha moja kwenda la pili, na Dereva hapokei simu. Nikawaletea vijiti vya matunda, papai, ndizi, nanasi, mradi mikono iendelee. Bonge akaacha kutunga, akawa anahamisha tu nanasi kutoka bakulini kwenda tumboni. Nikamwambia aache. Akaacha mpaka nikageuza shingo. Redio akauliza mjomba anakuja na lori au anakuja na miguu. Nilitamani kuketi chini nilie, lakini bibi akilia watoto watatengeneza nini?

Mwishowe honi. Honi ya lori, mtaa mzima ukasikia.

Dereva akaingia na vumbi lake, mikono ina grisi. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kanawe."

"Nakufa njaa, mama. Tangu jana usiku—"

"Unakufa njaa?" Matroni akatoka na sinia la kuku. "Wewe? Na sisi tuliokaa hapa tunapasha moto wali tukiupoza, tukiupasha tukiupoza, sisi tumeshiba hewa?"

"Dada, mzani si wangu, ni wa serikali."

"Na simu? Simu nayo ni ya serikali?"

Waliendelea hivyo hivyo mpaka mezani, mmoja anavuta kiti, mwingine anapakua. Kijiko cha wali kinaanguka na neno, kipande cha kuku kinaanguka na neno. Dereva akashika paja la kuku kabla hajaketi vizuri, akauma. "Mwenye njaa hana miiko," akasema, na Matroni naye, kwa kukasirika kwake, akaanza kutafuna. Redio akatafuna kidogo. Hata mimi nilitia tonge mdomoni. Wala sikulisikia ladha, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye sahani moja tu.

Wali umejaa. Kipande cha kidari. Mboga pembeni. Na mikono ya Kijiti iko mapajani, mkufu wa bisi shingoni, ametulia kama anapigwa picha.

Kula, nikasema kimoyomoyo. Kula, mwanangu. Ewe Mola, mfungulie koo.

Hakusogea.

Matroni akaweka kijiko chini taratibu. Hiyo ndiyo sauti niliyokuwa naiogopa. "Kaka, tazama."

Dereva akatazama. Taya likapunguza mwendo.

"Si nilikwambia? Tangu asubuhi. Bisi hakula, mkate hakula, yai nimemmenyea mwenyewe hakula. Sasa kuku wa sikukuu huyo. Mama hana kosa, mama amezeeka, anajitahidi. Lakini macho hayana pazia. Mimi nitaondoka naye kesho."

Dereva alimtazama binti yake, halafu mimi. Alikuwa na uso wa mtu aliyechoka ambaye yuko tayari kumpa haki anayesema kwa sauti kubwa. "Mama," akasema polepole, "labda dada ana—"

Hapo subira yangu ikakatika. Sijapata kumpigia kelele mtoto yule, na siku ile nilimpigia.

"Kijiti! Kwa nini huli? Nimekwambia nini asubuhi? Unataka kunifedhehesha mbele ya watu?"

Machozi yakaja mpaka ukingoni, yakasimama. Akasema kwa sauti ndogo, kama anayenionea aibu mimi:

"Bibi, hatujasali."

Dereva alikuwa na mfupa mdomoni, hakujua autoe au aumeze. Matroni akatazama kijiko chake. Na mimi, niliyeamka alfajiri kumwomba Mungu kwa ajili ya sahani ile, mimi ninayewapiga watoto vidole wakigusa chakula kabla ya sala, nilikuwa na wali shavuni.

Nikaumeza. Ulishuka kama kokoto.

"Wekeni chini," nikasema.

Wakaweka. Tukainamisha vichwa. Nilitaka kusali sala ndefu ya kunisafisha, lakini nilikumbuka mtoto ana njaa, nikasali fupi. Nikasema ahsante kwa chakula, ahsante kwa aliyefika salama, utusamehe haraka zetu. Amina.

"Amina," akasema Kijiti, na mkono ulikuwa umeshafika kwenye kidari.

Alikula. Alikula wali, akala kuku, akala mboga ambazo hata mimi nilikuwa nimeziacha. Hakuna aliyemkodolea macho, kila mtu alikuwa na aibu yake ya kutazama. Akasukuma sahani mbele. "Shangazi, naomba tena."

Matroni akampakulia. Mkono wake ulitulia juu ya wali. "Huyu alikuwa na njaa," akasema. "Huyu alikuwa na njaa kweli kweli."

"Si ndiyo," akadakia Redio. "Bibi alimkataza! Nimesikia. Asidonoe mpaka Amina, hata akihurumiwa!"

Ama kweli, redio haina siri.

"Mama!" Matroni akageuka. "Umemshindisha mtoto na njaa siku ya sikukuu?"

Mnaona mambo yangu? Asipokula nina kosa. Akila nina kosa. Macho yakanipeleka kwenye sahani za wanawe. Redio alikuwa amelamba tu. Bonge kuku wake mzima, wali wake mzima, amejiegemeza kitini na mikono juu ya tumbo, anapumua kwa shida kwa ajili ya mkate na mananasi. Neno lilinijia mpaka ncha ya ulimi, tamu kuliko jemu. Nikalirudisha. Nimeshakosa kwa mdomo mara moja, nikasema, inatosha kwa siku moja.

Lakini Matroni naye ni mtu wa sahani. Alifuata macho yangu.

"Bonge. Mbona huli?"

"Nimeshiba, mama."

Dereva akacheka mpaka akapaliwa. Matroni hakucheka. Akachukua kidari cha Bonge, akakiweka kwenye sahani ya Kijiti bila kusema.

"Dada," Dereva akasema, akijifuta macho, "tumwache hapa alipo. Sisi sote tumekula kama tuko stendi, yeye peke yake ndiye aliyeikumbuka nyumba."

"Tumwache," Matroni akajibu, kwa shingo upande. "Lakini nitakuja kumpima. Kwa mzani."

"Wa serikali?"

"Nyamaza ule."

Vyombo nilivyokuwa naviosha baadaye nilivisugua kwa nguvu kuliko vilivyostahili. Nilikuwa nimeshinda, na bado nina hasira, zaidi na mimi mwenyewe. Kijiti akaja akasimama kando yangu, mkufu wa bisi shingoni bado mzima, hata bisi moja haijadondoka.

"Bibi, sasa naweza kudonoa?"

"Donoa," nikamwambia. "Na mimi nitungulie moja."