Kaburi Lililokuja Sebuleni

Usiku wa jana niliota kaburi limefunguka sebuleni kwetu, Lizaboni, kati ya kochi na kabati la vyombo. Sikushtuka. Kilichoniudhi ni udongo mwekundu juu ya zulia.

"Shikamoo," nikaliambia, maana lilionekana limenizidi umri.

"Marahaba, Odilo. Samahani kwa uchafu. Mimi ni kaburi la mama yako. Hakuna aliyeniambia pa kwenda, nikaona nije nyumbani."

Mama yangu, Skolastika, yu hai. Moyo unamsumbua, hata ngazi tatu za mlangoni zinamshinda. Kila akianza, "Odilo, nikifa...", namkatisha: "Mama, usijichurie!" Huu mwezi wa nne namkatisha hivyo. Najiona mwana mwema kweli.

Nachungulia. Ndani amelala Kihwele, fundi cherehani, jirani na mtani wetu. Sisi Wangoni, yeye Mhehe, na msibani mtani ana ruhusa zake: humwigiza marehemu, hulala kaburini akagoma kutoka mpaka aridhishwe. Amevaa gauni la Mama la njano. Limempasukia kwapani.

"Toka, Mhehe. Hakuna aliyekufa."

"Mtani hafukuzwi," anajibu kwa sauti ya Mama, na kikohozi chake juu. "Nitajie jambo moja alilotaka huyu bibi. Moja tu, nitoke."

"Alitaka... wimbo."

"Upi?"

Sijui. Sebule imeshakuwa kanisa, na viti vyote vimegeuka kuniangalia.

"Ndiye mwanawe wa pekee huyo," kiti cha mbele kinanong'ona.

"Masikini," kinajibu cha pili. "Hata wimbo!"

Kanisa linakuwa jiko la msiba. Mama ameketi kwenye kigoda, anachambua mchele. Nafurahi nusura nilie. "Mama, mwambie unachotaka, atoke!"

Anafungua mdomo. Inatoka sauti yangu: "Mama, usijichurie!"

Anajaribu tena. "Mama, usijichurie!" Mara ya tatu macho yamemjaa machozi, lakini sauti ni yangu ile ile, changamfu. Anarudi kwenye mchele wake.

Jamani, niliogopa. Kaburi lenyewe halikunitisha vile.

"Basi mimi nalala," anasema Kihwele, akijivutia udongo hadi kidevuni. "Mtazika popote."

Niliamka nimelowa jasho. Kumekucha. Mama alikuwa amesimama mlangoni, ameshika gauni la njano. Makwapa yote mawili yamepasuka, na pindo lina udongo mwekundu.

"Nani kavaa gauni langu?"

"Kihwele," nikasema.

Hakushangaa. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Mhehe huyu! Basi mtanizika na la bluu." Kisha akasubiri nimkatishe.

Maneno yalikuwa yameshafika mdomoni. Nikayameza, na yalikuwa makavu. "La bluu," nikasema. "Wapi, Mama?"

Alikuja akaketi kitandani kwangu, polepole.

"Peramiho. Pembeni mwa dada yako."

"Mama, mimi sina dada."

"Ulikuwa naye, kabla hujazaliwa. Aliishi siku tisa." Akalitandaza gauni mapajani, akaanza kupangusa udongo kwa kiganja. "Tulimbatiza Agata. Sogea nikwambie."

Nikasogea.