Tangi la Pijo

Gari lile liliingia uani kwetu Ilomba, Mbeya, likiwa na kipande cha sabuni ya kufulia kimebandikwa tumboni. Petroli ilikuwa imeshapata njia pembeni mwa sabuni, ikidondoka tone moja moja kwenye changarawe. Harufu yake ilinifikia barazani, nilipokuwa nimekaa na cherehani yangu, kabla sijamwona mwenye gari.

Alishuka mzee mrefu, mkavu, koti limefungwa vifungo vyote. Alituamkia kwa Kihehe, "Kamwene," kisha akajirekebisha na kutuamkia kwa Kiswahili. Aliitwa Ambrosi, mkulima wa Tosamaganga, Iringa. Gari lenyewe lilikuwa Pijo 404 jeupe, alilolinunua ujanani kwa padre mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Alisema tangi lilianza kuvuja alipofika Igawa, akalisiliba sabuni. Likavuja tena Chimala, akasiliba tena. Ezron, mume wangu, alijilaza chini ya buti, akaligonga tangi kwa kifundo cha kidole, akatoka na vumbi la kutu kwenye nyusi.

"Hili limekufa, mzee," alisema. "Tutafute lingine."

Lakini matangi ya Pijo za zamani hayaokotwi barabarani. Ezron aliwapigia wauza spea wa Mwanjelwa, akawapigia wa Makambako, wote wakamcheka. Ndipo Mzee Ambrosi alipotueleza kilichomleta Mbeya. Mke wake, Apolonia, alikuwa amelazwa hospitalini, na madaktari walikuwa wamesema hawana tena la kumfanyia, arudishwe nyumbani. Siku ya harusi yao alitoka kanisani ndani ya gari hilo. Sasa aliomba kitu kimoja tu: arudi Iringa ndani ya gari hilo hilo, akiwa amekaa kiti cha mbele, asilazwe nyuma ya gari la watu kama mzigo.

Ezron alivua kofia yake, akaigeuzageuza mikononi. Hapo nilijua ameshakubali.

Niliolewa na fundi wa kuchomelea, kwa hiyo mambo ya matangi nayajua kuliko nilivyotaka kuyajua. Tangi tupu la petroli ni baya kuliko lililojaa, maana mvuke unaobaki ndani hulipuka. Ezron aliyaogopa, na hakuona haya kusema hivyo mbele ya wateja. Kila tangi aliliosha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, akamwaga, akaosha tena, kisha akaliacha juani mdomo wazi mpaka apate uhakika. Kutu hunywa petroli kama mkate unavyonywa chai, alizoea kuniambia. Ukiipasha moto, inaitapika. Na kabla hajawasha moto wake aliniita ninuse, maana pua yake ilikuwa imeshauawa na moshi wa kazi. Nikisema bado, tangi lilirudi juani.

Ilikuwa Juni. Mbeya mwezi huo ukungu unashuka mpaka kwenye mabati, na jua unalisikia kwa watu wa Chunya. Ezron alimwambia mzee kwamba kazi ile ingetaka siku kadhaa. Mzee akauliza kama haiwezekani leo, kwa sababu mgonjwa anasubiri. Aliuliza kwa upole, hakulazimisha. Ndivyo ninavyokumbuka, na nimejaribu sana kukumbuka vingine.

Asukile, mdogo wake Ezron, ambaye walifanya kazi pamoja, alishauri likodiwe gari lingine. Ezron akachukua spana. Walilishusha tangi asubuhi ile, wakaliosha, wakalitingisha na kokoto ndani ili kutu itoke, wakaliosha tena. Mzee Ambrosi aliondoka kwenda hospitalini kumwona mkewe saa ya kuona wagonjwa. Mchana Ezron akaniita. Niliinama, nikaweka pua kwenye mdomo wa tangi. Lilikuwa baridi, na ndani yake, mbali kama mtu anayepumua nyuma ya ukuta, petroli ilikuwepo.

"Bado," nikamwambia.

Alitazama juu, mahali ambapo jua lingekuwa. Halafu akanitazama mimi.

"Yule mama hana kesho, Tusekile."

Nikarudi kwenye cherehani. Nilikuwa nashona sare ya kwaya, pindo la mkono. Sikusikia mlipuko kama watu wanavyodhani. Nilisikia bati la paa la banda la kazi likipiga kelele, kisha kimya, kisha Asukile akiita jina la kaka yake kwa sauti ambayo sijaisikia tena kwa mtu yeyote. Nilimkuta Ezron amekaa, mgongo umeegemea gurudumu la Pijo, kana kwamba anapumzika. Alikuwa hai. Aliniuliza nani amezima taa.

Majirani walimbeba kwa bajaji hadi hospitalini, nikiwa nimempakata magotini pangu. Getini kwetu, tulipokuwa tunatoka katikati ya watu, nilimwona Mzee Ambrosi ndiyo kwanza anarudi, midomo imefunguka kama mtu aliyekuja na neno. Alitupisha. Ezron alikata roho kabla jua halijazama, kwenye jengo lililopakana na lile alilolazwa Apolonia.

Tulimzika kwao, Rungwe, kwenye manyunyu. Apolonia naye alifariki wiki hiyo hiyo, akapelekwa Iringa kwa gari la kukodi, amelazwa nyuma. Hayo niliambiwa na watu. Mzee hatukumwona. Pijo likabaki uani kwetu bila tangi, na banda likafungwa. Asukile alikuwa amepoteza sikio la kushoto na hamu ya moto.

Baada ya matanga ndugu wa mume wangu walikaa kikao kuhusu gari lile. Mmoja alitaka lipigwe kiberiti, mwingine wauziwe watu wa vyuma chakavu. Nikasema liachwe, mwenyewe atakuja. Walidhani nina moyo wa huruma. Ukweli ni kwamba nilimtaka aje. Kila asubuhi nilifagia kuzunguka magurudumu yale huku nikimnolea maneno. Lakini aliyeninyima usingizi zaidi alikuwa mkewe, mwanamke ambaye sikuwahi kumtia machoni. Nilimchukia marehemu yule kwa kiti chake cha mbele. Kanisani walipoombea roho za waliotutangulia, nilimtoa kwa makusudi, nikaombea waliobaki.

Mvua za mwaka uliofuata zilikuwa zimeanza kukatika mzee alipokuja. Alitoka kituoni kwa miguu, amebeba kitu kikubwa ndani ya gunia la mahindi. Alikuwa amekonda, na koti lile lile sasa lilimzidi. Alitua gunia chini akasimama mbali na baraza, kama mtu asiyejua kama amekaribishwa. Ndani ya gunia mlikuwa na tangi. Alilipata kwenye Pijo iliyokufa huko Ifunda, likiwa zima.

Nilimwonyesha kiti. Hakukaa.

"Mama, kabla ya gari, kuna neno," alisema. "Siku ile nilipomwambia mke wangu kwamba mnalichomelea leo leo, alinikaripia. Aliniambia, nenda ukamwambie fundi asiharakishe. Nilikuwa nakuja kusema hivyo. Nilikunywa chai njiani kwanza."

Cherehani ilikuwa mbele yangu na mkono wangu juu ya gurudumu lake. Maneno yote niliyoyanoa yalikuwa yamekaa sawasawa mdomoni, na hakuna hata moja lililotosha.

"Umekuja kuniambia hili ili iwe nini?" nilimuuliza.

"Ili usimchukie yeye. Haraka haikuwa yake. Haraka ilikuwa yangu."

Sijui alijuaje. Labda hakujua, labda alipima kwa moyo wake mwenyewe. Nililia mbele yake, jambo ambalo nilikuwa nimeapa kutolifanya, na si kwa ajili ya Ezron. Nilimlilia Apolonia, ambaye nilikuwa nimemtukana karibu mwaka mzima, kumbe siku ile naye, kama mimi, alikuwa amesema subirini.

Nilipomaliza nilikwenda kumwita Asukile. Ilibidi nisimame upande wa sikio lake zima. Alikataa. Alisema gari lile livutwe kwa kamba mpaka Iringa, au mpaka jehanamu, yeye halishiki. Sikubishana naye. Nilifungua banda, nikachukua spana ambazo hazikuguswa tangu msiba, nikafunga kanga kiunoni na kuingia chini ya buti. Tangi jipya halikuhitaji moto, lilihitaji bolti tu na mtu wa kulishikilia. Nililisukuma juu kwa bega. Lilikuwa zito na mikono yangu haikufika kwenye bolti. Nilikaa hivyo, kutu ikiniingia machoni, mpaka nikaona miguu ya shemeji yangu imesimama kando ya gurudumu. Akalala chini, akaninyang'anya spana, akaanza kukaza.

Hatukutazamana kazi nzima. Mzee alikwenda na dumu kituo cha mafuta, akarudi. Tulimimina, tukasubiri, tukapitisha vidole kila pembe. Pakavu. Injini ilikohoa muda mrefu kabla haijashika.

Sikumwambia mzee nimemsamehe, kwa sababu nilikuwa sijamsamehe, na nilimwona ni mtu ambaye angeutambua uongo. Nilimsogelea dirishani nikamwambia akifika Uyole, njia ya Iringa ni moja kwa moja, na ya kulia inapandisha Tukuyu, kwao Ezron. Nikamtajia kijiji, na nyumba yenye migomba nyuma ya kanisa la Moravian. Alitikisa kichwa. Sikumwambia aende. Nilimtajia tu.

Jioni, nikiwa napika, simu ikalia. Alikuwa mama mkwe wangu kutoka Rungwe, na Kiswahili chake, ambacho siku zote hukichanganya na Kinyakyusa, kilikuwa kimechanganyika zaidi. Alisema kuna mzee wa Kihehe nje, amekuja na gari jeupe la zamani. Amekaa kwenye kaburi la Ezron tangu mchana. Mama amemkaribisha ndani mara mbili, lakini mzee anasema hana ruhusa ya kuingia nyumba hiyo.

"Ndiye yule?" akaniuliza.

"Ndiye, mama."

Nilisikia kuku wake wakigombania mahali pa kulala.

"Sasa nimwambie nini?"

Niliepua sufuria, nikaiweka chini, nikakaa kando yake.

"Muulize kama amekula," nilisema.