Bingwa Asiyejua Kukosa

Shemeji yangu ana manati kumi na moja na hana koleo hata moja. Ni mdogo wa mume wangu. Anajiita Shabaha, nasi tukaanza kumwita hivyo kwa kuchoka kubishana. Siku tawi lilipovunjika juu ya chumba changu cha kushonea, alifika amevaa glavu za vidole nusu, amebeba begi kama daktari aliyeitwa kwa haraka.

Tawi lilikuwa nene kama gunia la mahindi. Lilikatika asubuhi, likanaswa na matawi ya chini yake, likabaki linaning'inia juu ya mabati. Chini ya mabati hayo kulikuwa na cherehani zangu sita, zote zimefungwa kwa boliti kwenye meza moja ndefu, na boliti zimeshika kutu, hazifunguki kwa haraka. Ndizo zinazotulisha.

Mkata miti tuliyemwita aliligonga shina, akasikiliza.

"Mama, mti huu umeoza ndani. Mimi sipandi. Nipitishieni uzi juu ya tawi, pale kwenye mwanya, nivutie kamba, tuliangushe uani kwa mkunga. Lakini kabla ya saa tisa. Upepo ukianza, sahau cherehani."

Mkunga ni jirani yetu wa nyuma ya ukuta, mwenye nyumba ya ghorofa na roshani. Uani kwake hakukuwa na kitu ila banda bovu la kuku. "Liangusheni tu," alisema. "Banda lenyewe linanitia aibu."

Mwanya ulikuwa na upana wa ungo, kati ya tawi lililovunjika na zima lililo juu yake. Mume wangu alijaribu kurusha jiwe kwa mkono, likamrudia begani.

"Tumwite Shabaha," alisema, huku akijisugua. "Hii ni kazi ya bingwa."

Bingwa wa makopo! Kila Jumapili wanaume wazima, wenye wake na ndevu, hupanga makopo juu ya ukuta na kuyaangusha kwa manati. Mwisho wa mwaka hupeana kombe. Safari hii alilichukua Shabaha, na alikuja nalo ndani ya begi. Alilileta la nini, mpaka leo sijui.

Alianza na somo. Nani alimwomba?

"Panda hii ni ya mpera, shemeji. Nimeikausha kivulini miezi sita. Mipira yote miwili nimeikata kwenye tyubu moja, urefu sawasawa, la sivyo risasi inakwenda upande. Hii ngozi ya katikati ni ulimi wa kiatu. Unavuta mpaka gumba liguse shavu, unatoa pumzi, unaachia. Hapo katikati hufikiri kitu."

"Hilo la kutofikiri naliamini," nilisema. "Piga."

Mkata miti alifunga uzi wa nailoni kwenye chubwi, kile kirisasi cha wavuvi, akaulaza uzi kwa mizunguko ndani ya karai usije ukajisokota. Shabaha akavuta, akaachia.

Ta! Chubwi iligonga tawi katikati.

"Nimelipata!" alipiga kelele.

"Umelipata ndiyo. Tumekuambia upitishe juu yake."

Akapiga tena. Ta! Pale pale. Ya tatu, pale pale tena, ungeweza kufunika alama zote kwa sahani moja. Tawi likashuka shubiri nzima, mabati yakalia. Moyo wangu ukashuka nalo.

"Bwana," mkata miti alisema, "tawi hili limekukosea nini?"

Shabaha aliteremsha manati. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Mkono unakwenda wenyewe. Nikitazama mwanya sioni kitu. Pale hakuna cha kupiga, shemeji."

Miaka ishirini ya mazoezi, na hawezi kukosa kitu cha ukubwa wa gunia!

Saa nane na nusu. Majani ya juu yalikwisha anza kugeuka. Nilichuchumaa aliposimama yeye, nikatazama kupitia mwanya. Ng'ambo niliona roshani ya mkunga na kamba yake ya nguo. Nikafungua begi, nikatoa kombe, nikampa mume wangu. "Peleka kwa mkunga, alitundike kwenye kamba."

"Kombe langu linakwenda wapi?" Shabaha aliuliza.

Macho yangu yalikuwa kwenye roshani. Mkunga alipotokea na kombe nikaanza kumwelekeza. "Kushoto, dada! Juu kidogo! Hapo hapo! Sasa ingieni ndani, mfunge mlango."

"Nimezalisha watu wengi," mkunga alijibu kwa sauti, "lakini huyo shemeji yako angechukua siku tatu!" Mlango ukafungwa.

Nikamgeukia Shabaha. "Haya, cha kupiga kile pale."

"Shemeji, lile ni kombe langu!"

"Usihofu, hutaligusa. Ni hatua arobaini, na kuna tawi mbele. Si makopo ya Jumapili."

"Mimi? Nisiliguse mimi?"

Alivuta mpaka gumba likagusa shavu, akatoa pumzi, akaachia. Uzi ulipaa kutoka kwenye karai ukivuma, ukapita katikati ya mwanya bila kugusa jani, na kule ng'ambo kombe likalia ngaa!

Mkunga alifungua mlango, akauokota uzi. Nyuma ya uzi ikapita kamba, mkata miti akaipiga kitanzi kwenye tawi, majirani wanne wakavuta kutoka uani kwa mkunga. Upepo ulipoanza, tawi lilikuwa limelala juu ya banda la kuku, na mabati yangu yamebaki na mkwaruzo tu.

Shabaha alirudi amekumbatia kombe lenye bonde ubavuni na mkono wa kushikia uliopinda. Nilidhani anakuja kulalamika.

"Mmeona? Hatua arobaini, katikati ya mti! Nani mwingine anaweza?" Habari za tawi hakuzitaja. Cherehani hata hakuziulizia. "Hilo bonde litabaki, ndio ushahidi. Ila mkono nitaunyoosha. Shemeji, niazime koleo."

"Lina kazi," nilimwambia, nikaingia nalo chini ya meza, na kopo la grisi, kuanza kulegeza boliti ya kwanza.